Upepo Ulionyooka: Iowa, Agosti 2020, na Umaskini wa Maneno ya Tahadhari

Jumatatu ya tarehe 10 Agosti 2020, saa sita na nusu hivi mchana, mji wa Cedar Rapids katika jimbo la Iowa, Marekani, uliingia giza. Upepo ukaanza kuvuma kutoka magharibi. Watu wa huko wamezoea mvua za radi za majira ya joto: upepo hutangulia, hupiga dakika tano au kumi, mvua hunyesha, jua hurudi. Siku hiyo upepo ulipokwisha kuanza haukuachia. Kuna mitaa iliyopigwa nusu saa, kuna iliyokaribia saa nzima. Ulipotulia, mji wa watu wapatao 137,000 ulikuwa karibu wote hauna umeme, simu hazishiki mtandao, na barabara zimezibwa na miti iliyolala, mingi yake ikiwa imeelekea upande mmoja kama nywele zilizochanwa.

Hakikuwa kimbunga. Hakikuja na jicho wala mkia, hakikupewa jina la mtu, hakikufuatiliwa kwa siku tano kwenye ramani za televisheni kikivuka bahari. Ilikuwa mvua ya radi, yenye upepo ambao wataalamu huuita derecho. Lakini mvua hiyo ya radi ilisafiri kilomita 1,240 kwa saa 14, kutoka mpakani mwa South Dakota na Nebraska hadi Ohio, ikaacha hasara iliyokadiriwa na serikali ya Marekani kuwa dola bilioni 11. Katika kumbukumbu zote za nchi ile, hakuna mvua ya radi iliyogharimu zaidi. Mwaka huohuo wa 2020, ambao vimbunga vya Atlantiki vilikuwa vingi hadi orodha ya majina ikaisha wakahamia herufi za Kigiriki, ni kimbunga kimoja tu, Laura, kilichoipita kwa hasara. Na bado ukimuuliza mtu aliye nje ya Iowa leo nini kilitokea tarehe 10 Agosti 2020, wengi hawana jibu. Kesho yake Joe Biden alimtangaza Kamala Harris kuwa mgombea mwenza, dunia ilikuwa katikati ya korona, na habari ya upepo ikapitwa.

Nimeifuatilia habari hii kwa sababu naamini ina jambo linalotuhusu watu wa lugha hii moja kwa moja. Upepo ule uliumiza kwa nguvu zake, hilo halina ubishi. Lakini uliumiza pia kwa sababu maneno yaliyotumika kuutangaza yalikuwa madogo kuliko wenyewe. Mtu huambiwa "mvua ya radi", akafanya anayofanya siku zote ikija mvua ya radi: hufunga dirisha, akaendelea na shughuli zake.

Tuanze na namna upepo wa aina hii unavyozaliwa, maana ukishaelewa hapo huwezi tena kuuita upepo wa mvua.

Kila aliyekunywa maji ya mtungi anajua nusu ya habari. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu unatoa jasho. Maji hupenya kwenye udongo, hugeuka mvuke, na kila tone linalogeuka mvuke huondoka na joto. Ndani ya wingu la radi mambo ni hayohayo kwa kipimo cha kutisha. Mvua inaposhuka ikapita kwenye hewa kavu, sehemu yake hugeuka mvuke njiani, na mawe ya barafu nayo huyeyuka. Hewa iliyoizunguka inapoa ghafla. Hewa iliyopoa ni nzito, nayo huporomoka. Ikifika chini haina pa kwenda ila kutawanyika pembeni, na huo ndio upepo wa baridi unaotuletea harufu ya mvua kabla tone la kwanza halijaanguka. Sote tunaujua. Kwa kawaida wingu moja hujimaliza lenyewe: hewa baridi linaloimwaga hulikatia hewa ya joto iliyokuwa ikililisha, na baada ya muda mfupi limekufa.

Hatari huanza mawingu yanapojipanga mstari. Hewa baridi ya kila wingu huungana na ya jirani yake, likawa kama bwawa zito linalotambaa juu ya ardhi. Bwawa hilo linasonga mbele kama kabari, linaibinua hewa ya joto na unyevu iliyo mbele yake, na hewa hiyo ikipaa huzaa mawingu mapya, ambayo nayo hunyesha na kuongeza hewa baridi. Mstari unajizaa wenyewe kila unapopiga hatua. Kisha nyuma yake, kilomita chache juu ya ardhi, hufunguka mkondo wa hewa kavu unaovutwa kuingia ndani ya mvua kutoka mgongoni. Mkondo huo hugeuza mvua kuwa mvuke, hupoa, huwa mzito, hushuka, na hutua mbele kabisa ya mstari ukiwa na kasi yote uliyokusanya njiani. Sehemu ya katikati ya mstari husukumwa kuliko pembe zake, na kwenye rada umbo zima huonekana limepinda kama upinde uliovutwa. Tetsuya Fujita, mtaalamu wa Kijapani aliyefanya kazi Chicago, ndiye aliyeueleza upinde huo katika miaka ya 1970. Jina lake linajulikana zaidi kwa kipimo cha vimbunga vya nchi kavu, lakini kwangu mimi kazi yake kubwa ni hii nyingine, ya kuonyesha kwamba hewa inayoporomoka tu, bila kuzunguka, inaweza kubomoa nyumba na kuangusha ndege.

Ongeza hapo mwendo wa mstari wenyewe. Ule wa Iowa ulikuwa ukienda karibu kilomita 90 kwa saa. Ungeondoka Dar es Salaam pamoja na basi la Mwanza, basi lingeachwa njiani. Hewa inayoanguka kutoka kwenye wingu linalokimbia hivyo haitawanyiki sawasawa pande zote, inarushwa mbele. Ndiyo maana Atkins, kimji kilicho magharibi ya Cedar Rapids, kipimo kilisoma kilomita 203 kwa saa. Ndani ya Cedar Rapids kwenyewe, upande wa kusini-magharibi, wakaguzi wa hali ya hewa walisoma mabomoko ya jengo la nyumba za kupanga na kukadiria kilomita 225 kwa saa. Kwa kipimo cha vimbunga vya bahari hiyo ni kasi ya daraja la nne kati ya matano. Na Iowa iko katikati ya bara. Bahari ya karibu haipo.

Mafuta ya moto huo yalikuwa unyevu. Mwezi Agosti Iowa ni mahindi kutoka upeo hadi upeo, na mahindi yaliyostawi hupumua maji mengi hewani mchana kutwa. Wakulima wa huko hulizungumzia jasho la mahindi kama sisi tunavyozungumzia vuli na masika. Jua likawaka juu ya unyevu huo, na asubuhi yake kundi la mawingu ya radi lililotoka upande wa South Dakota na Nebraska likaingia katika hewa hiyo kama kiberiti kwenye makuti.

Sasa jina. Upepo wa aina hii unaitwa derecho, na ni bahati njema kwamba neno hili linatamkika kwa Kiswahili kama lilivyoandikwa, halihitaji kugeuzwa. Lilitungwa hukohuko Iowa. Gustavus Hinrichs, profesa wa Chuo Kikuu cha Iowa aliyehamia kutoka Ulaya, alichunguza dhoruba iliyokata jimbo hilo tarehe 31 Julai 1877 akaona kwamba uharibifu wake haukuzunguka, ulienda mbele. Mwaka 1888 alichapisha hoja yake akitumia neno la Kihispania lenye maana ya kitu kilichonyooka, kwa makusudi ya kulitenga na tornado, yaani kimbunga cha nchi kavu kinachozunguka. Watu wakalisahau. Lilikaa karibu miaka mia bila kutumika, hadi Robert Johns na William Hirt walipolirudisha mwaka 1987 wakiweka vigezo vya urefu wa njia na kasi ya upepo. Hata hivyo lilibaki kwenye majarida ya wataalamu. Wana-Iowa wengi walilisikia kwa mara ya kwanza Agosti 2020, wakiwa wamesimama mbele ya nyumba zisizo na paa. Neno lilizaliwa kwao, na lilipohitajika halikuwapo vinywani mwao.

Wapo watakaosema jina haliezui wala halizuii paa kuezuliwa. Ni kweli. Lakini watu wa pwani yetu hawakuzipa pepo majina kwa mapambo. Kaskazi, kusi, matlai: kila moja lilimwambia nahodha aende au abaki, atweke tanga au alishushe. Jina la upepo lilikuwa amri ya kazi. Ukiondoa jina, kinachobaki ni "upepo", na "upepo" haumwambii mtu afanye nini.

Tutazame tahadhari yenyewe ilivyokwenda. Ni haki kusema kwamba siku kadhaa kabla, hakuna aliyeuona. Programu za kompyuta zinazotabiri hali ya hewa hazikukamata mpango mzima usiku wa kuamkia siku ile, na kituo cha taifa cha utabiri wa dhoruba kilichoko Norman, Oklahoma, kilianza na kiwango cha chini cha hatari kwa Iowa kisha kikakipandisha asubuhi ileile mawingu yalipoanza kujipanga. Silaumu. Derecho huamuliwa na mambo madogo: bwawa la hewa baridi limekuwa na ukubwa gani, unyevu umefika wapi, mkondo wa nyuma umefunguka au la. Sayansi hapo bado inatafuta njia. Lakini kuanzia mchana wa saa tano rada iliona, watabiri waliona, na onyo lilitoka likiwa limetangulia upepo. Cedar Rapids ilikuwa na muda wa kujikinga.

Tatizo lilikuwa kwamba onyo lililotoka lilikuwa la mvua kali ya radi. Marekani, mvua ya radi huitwa kali kuanzia upepo wa kilomita 93 kwa saa. Onyo la namna hiyo hutolewa mara nyingi sana kila mwaka katika majimbo yale, na mara nyingi linaishia matawi yaliyovunjika. Nguvu ya upepo inakua kwa mraba wa kasi yake, kwa hiyo upepo wa kilomita 225 haukuwa mara mbili na nusu ya ule wa kilomita 93. Ulisukuma kuta karibu mara sita zaidi. Vyote viwili vilibeba jina moja. Baya zaidi, wakati huo simu za mkononi zilipangwa kupiga kengele ya dharura kwa onyo la tornado au mafuriko ya ghafla. Onyo la mvua kali ya radi pekee halikuzigusa. Simu ilikaa kimya mfukoni mwa mtu ambaye nyumba yake ilikuwa dakika chache tu kabla ya kupigwa na kasi ya kimbunga kikubwa.

Mwaka 2021 idara ya hali ya hewa ya Marekani ilibadilisha utaratibu. Onyo la mvua ya radi sasa lina madaraja, na likifika daraja la juu, yaani upepo wa kilomita 129 kwa saa au zaidi, au mawe ya barafu makubwa kupita kiasi, simu zinalia. Naliona hilo kuwa moja ya mafunzo ya maana yaliyotoka Iowa, na linathibitisha ninachosema: rada haikubadilishwa, satelaiti haikubadilishwa. Lililobadilishwa ni neno na njia ya kulifikisha.

Hasara za shambani nazitaja kwa kifupi, kwa kuwa ndizo zilizopata nafasi kubwa kwenye magazeti ya huko. Ekari 850,000 za mahindi Iowa ziliripotiwa kwamba hazitavunwa kabisa. Mashina yaliyokuwa yamepita kimo cha mtu yalilazwa chini yakiwa na magunzi yanayojaa, na mhindi uliolala katika hatua hiyo hausimami tena. Maghala ya bati ya kuhifadhia nafaka, yale ya duara yanayong'aa kila njia panda, yalibonyezwa kama makopo. Maghala ya biashara pekee yalipoteza nafasi ya tani zaidi ya milioni moja na laki tatu wiki chache kabla ya mavuno. Kinu cha nyuklia cha Duane Arnold, karibu na Cedar Rapids, kilikuwa kimepangwa kufungwa Oktoba. Upepo uliharibu minara yake ya kupozea na hakikuwashwa tena.

Miti inanishika zaidi. Cedar Rapids ilipoteza zaidi ya nusu ya kivuli chake, miti inayokadiriwa kupita laki sita, kwa muda wa kipindi kimoja cha darasani. Aliyekulia chini ya mwembe wa babu yake hahitaji maelezo. Barabara zilizokuwa mapango ya kijani zikawa uwanja mweupe. Nyumba zilizokuwa zikipoa zenyewe zikahitaji mashine za kupoza hewa, na gharama hiyo huangukia kwanza kwa asiyekuwa nazo. Mji umepanga kuipanda upya, kwa mpango wa miaka kumi, lakini mti uliochukua miaka 80 hauharakishwi na bajeti.

Kisha kuna wale waliokaa kwenye nyumba za kupanga. Upande wa kusini-magharibi wa mji, katika majengo ya ghorofa yaliyopoteza paa na kuta, waliishi familia nyingi za wakimbizi na wahamiaji, wakiwemo watu kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, pamoja na watu wa visiwa vya Pasifiki. Kiswahili kilikuwa moja ya lugha za ngazi na veranda za majengo yale. Majengo yakatangazwa hayafai kukaliwa, na familia zikapiga mahema kwenye nyasi mbele ya milango yao wenyewe, zikalala hapo na watoto kwa zaidi ya wiki, korona ikiendelea. Wengi wa Wakongo na Warundi waliopelekwa Marekani kama wakimbizi walipitia kambi kama Nyarugusu kule Kigoma. Sihitaji kumwekea mtu yeyote maneno mdomoni ili kueleza maana ya hema kwa aliyekaa kambini miaka kumi akisubiri nyumba ya matofali.

Msaada ulichelewa kuonekana. Tamko la maafa la rais lilitiwa saini tarehe 17 Agosti, wiki nzima baada ya upepo, na msaada wa moja kwa moja kwa kaya ulifuata baada ya hapo. Mwenye nyumba alikuwa na bima ya kupigia simu. Mpangaji alikuwa na barua ya kumtaka ahame. Katika wiki hiyo ya kwanza walioonekana zaidi kwenye nyasi zile walikuwa watu wa kujitolea, makanisa na majirani, waliofika na maji, chakula na wakalimani.

Onyo la dharura la simu wakati ule lilikuwa la Kiingereza na Kihispania tu. Kwa hiyo hata kama simu zingelia saa sita na robo, mama aliyefika kutoka Uvira, Kongo, miezi sita kabla angeona kioo kimewaka na maneno asiyoyasoma. Hapo ndipo hoja ya lugha inapoacha kuwa ya wasomi.

Huku kwetu hatuna mahali pa kusimama tukiwacheka Wamarekani. Sisi tumeyarundika yote kwenye kimbunga: kinachotoka Bahari ya Hindi kikiwa na upana wa mamia ya kilomita, na kinachozunguka shambani kwa dakika mbili. Hidaya ya Mei 2024 ilikuwa kimbunga. Vyombo vyetu vikiripoti tornado ya Oklahoma, nayo ni kimbunga. Kile kidogo kabisa angalau kina jina lake, kisulisuli. Na upepo ulionyooka, unaoshuka na kusukuma, hauna hata hilo. Ni "upepo mkali". Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huonya mara kwa mara kuhusu upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa pwani. Ni onyo la haki kwa mwenye ngalawa, na nawapongeza kwamba siku hizi huongeza mstari wa athari zinazoweza kujitokeza. Lakini siku upepo wa kilomita 120 utakaposhuka kutoka kwenye wingu juu ya Ziwa Victoria, tutauitaje? Mawingu ya usiku ya ziwa lile hujengeka pepo za nchi kavu zinapokutana juu ya maji ya uvuguvugu, nayo humwaga hewa baridi kwa mtindo uleule wa mtungi. Mawingu hayo si derecho, njia yake ni fupi mno kufikia kigezo hicho, ila pigo la kwanza analolipata mvuvi wa dagaa katika mtumbwi ni la familia moja na lililoipata Iowa. Wavuvi wengi wamefia humo.

Ningependa wataalamu wetu wakae na wavuvi, si na kamusi tu, watafute neno. Mimi natumia "upepo wa kushuka" kwa pigo la wingu moja na derecho kwa mstari mrefu, lakini mvuvi wa Ukerewe huenda ana neno bora kuliko langu, na likipatikana liingie redioni.

Na kwa Cedar Rapids, nimejaribu kuandika ujumbe ambao ungetosha saa sita mchana siku ile, kwa Kiswahili cha Kongo, Burundi au Tanzania, kila mtu aelewe:

Upepo wa kuezua paa unakuja kutoka magharibi. Unafika Cedar Rapids saa sita na nusu, na utavuma muda mrefu kuliko mlivyozoea. Tokeni madirishani sasa hivi. Shukeni ghorofa ya chini kabisa, kaeni na watoto katika chumba cha katikati kisicho na dirisha. Msitoke mpaka upepo uishe wote.